Mtoto Mwenye Homa ya Dengue: Jinsi ya Kutambua Dalili, Kuhesabu Siku na Kujua Nani Yuko Hatarini Zaidi

Katika ugonjwa wa dengue, siku ambayo homa ya mtoto inashuka ndiyo siku ambayo mzazi anapaswa kuongeza uangalizi, wala si kuupunguza. Jambo hili linakwenda kinyume na mazoea yetu, kwa sababu tumelelewa na malaria: mtoto akipewa mseto na mwili ukapoa, nyumba nzima hupumua na mgonjwa huachwa alale. Dengue haiendi hivyo. Watoto wengi wanaozidiwa na ugonjwa huu huzidiwa kati ya siku ya tatu na ya saba tangu homa ianze, mara nyingi katika saa 24 hadi 48 zinazofuata kushuka kwa joto la mwili, wakati ambapo nyumbani wamekwisha kushukuru kwamba shari imepita. Mwongozo huu unawalenga wazazi na walezi, hasa wa miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambako dengue imekwisha kuja zaidi ya mara moja.

Dalili za siku za mwanzo

Baada ya mtoto kuumwa na mbu mwenye virusi vya dengue, kwa kawaida hupita siku 4 hadi 10 kabla ya kuugua. Homa huja ghafla na huwa kali, mara nyingi nyuzi 39 hadi 40, na hudumu kwa siku 2 hadi 7. Mtoto mkubwa, wa umri wa shule, ataweza kukueleza kwamba kichwa kinamuuma, kwamba nyuma ya macho kuna maumivu yanayozidi anapoyazungusha, na kwamba viungo, misuli na mgongo vimechoka. Hamu ya kula hupotea, kichefuchefu huja, na baadhi hutapika.

Mtoto mdogo hana maneno ya kueleza hayo yote, kwa hiyo mzazi husoma mwenendo wake: analia anapoinuliwa, anakataa kusimama ilhali juzi alikuwa akikimbia, au anageuza uso kukwepa mwanga. Kwa mtoto mchanga mambo ni magumu zaidi, kwani dengue inaweza kujionyesha kwa mafua, kikohozi, kuharisha kidogo na kutapika, na homa inapopanda kwa kasi anaweza kupata degedege. Ndiyo maana dengue ya watoto wadogo huchukuliwa kwa urahisi kuwa mafua, malaria au meno yanayoota.

Vipele navyo vinahitaji jicho makini. Maelezo mengi ya vitabuni husema kwamba uso na kifua huwa vyekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi, na mzazi anayeutafuta anaweza kudhani haupo. Mpeleke mtoto dirishani penye mwanga wa mchana, kisha tazama viganja, nyayo, sehemu ya ndani ya kope za chini na paa la kinywa, mahali ambapo rangi ya damu hujitokeza kwa watu wa ngozi zote. Ukiona vidoa vidogo vyekundu au vya zambarau, bonyeza glasi angavu juu yake: kipele cha kawaida hufifia chini ya glasi, lakini doa la damu iliyovuja chini ya ngozi halipotei. Ukiona madoa ya namna hiyo kwa mtoto mwenye homa, usingoje kesho, kwa kuwa si dengue peke yake inayoyaleta. Baadhi ya maambukizi mengine yanayoyasababisha huua kwa haraka zaidi.

Homa yoyote ya mtoto katika nchi zetu inapaswa kupimwa malaria kwanza. Majibu yakionyesha hakuna malaria, usiridhike na dawa ya kubahatisha, bali uliza kama kuna dengue katika eneo lenu na kama kipimo chake kinapatikana. Majibu yakionyesha malaria, mtoto amalize dozi yake, lakini kumbuka kwamba magonjwa haya mawili yanaweza kumpata mtoto mmoja kwa wakati mmoja; dalili za hatari zilizoelezwa hapa chini hazipotezi maana kwa sababu malaria imeonekana.

Hesabu siku, na uandike

Jambo moja jepesi ambalo naliona lina faida kuliko dawa nyingi za kubahatisha ni kuandika. Siku homa ilipoanza ndiyo siku ya kwanza, hata kama ilianza jioni. Ikiwa ilianza Jumatatu, basi Jumatano ni siku ya tatu na Jumapili ni siku ya saba, na katikati ya siku hizo mbili ndimo kilimo kipindi cha hatari. Chukua karatasi, ibandike ukutani, na kila mtu anayemwangalia mtoto aandike joto la mwili, saa aliyopewa dawa, kiasi alichokunywa na saa aliyokojoa. Katika nyumba ambamo mama hushinda kazini, bibi hushinda na mtoto na dada wa kazi humlaza, karatasi hiyo huzuia kila mmoja kudhani kwamba mwenzake ndiye aliyemwona akikojoa.

Angalia pia kwamba joto lililoshushwa na dawa si homa iliyokwisha. Ukitaka kujua kama homa imeondoka kweli, tazama ikiwa joto limebaki chini hata baada ya nguvu ya dawa kwisha. Kuanzia hapo, hesabu saa 48 za uangalizi wa karibu, usiku na mchana.

Kinachotokea ndani ya mwili

Watu wengi huamini kwamba dengue huua kwa kumtoa mtu damu puani na kwenye fizi, na kwa hiyo wasipoona damu hutulia. Kwa watoto, hatari kubwa zaidi huwa haionekani kwa nje. Kuta za mishipa midogo ya damu hulegea, majimaji ya damu huvuja na kuingia tumboni na kuzunguka mapafu, damu inayobaki ndani ya mishipa huwa nzito, na mzunguko wake hudhoofika. Mwili wa mtoto hujitetea kwa kubana mishipa ya mikono na miguu ili moyo na ubongo vipate damu ya kutosha. Kwa sababu hiyo, mtoto ambaye mzunguko wake wa damu unaelekea kushindwa anaweza bado kuwa na fahamu zake, akakujibu vizuri na hata kuomba maji, mpaka inapobaki dakika chache kabla ya hali kuharibika kabisa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu maneno “bado anaongea” yamewachelewesha wengi nyumbani.

Dalili za hatari zinazomtaka mtoto hospitalini siku hiyohiyo

Ya kwanza ni maumivu makali ya tumbo yasiyoachia, au tumbo kuuma linapoguswa. Ya pili ni kutapika mfululizo kiasi kwamba anachokunywa hakikai. Hizi mbili hudharauliwa kuliko zote, kwa kuwa tumbo na kutapika ni mambo ya kila siku kwa watoto, na mlezi huenda akafikiria minyoo au chakula kibaya. Katika mtoto ambaye homa yake iko siku ya tatu au ya nne, maumivu hayo huwa ni tangazo kwamba majimaji yameanza kuvuja.

Ya tatu ni damu kutoka puani au kwenye fizi, kutapika damu au matapishi ya kahawia iliyokolea, na choo cheusi cha kunata. Kwa msichana aliyekwisha kuvunja ungo, hedhi inayotoka kwa wingi usio wa kawaida, au inayokuja kabla ya wakati wake, iko katika kundi hilohilo, na yafaa mama amuulize waziwazi badala ya kungoja mtoto ajieleze. Ya nne ni mabadiliko ya hali: mtoto amelegea na kusinziasinzia, au kinyume chake, hatulii, analialia na kujigeuza kitandani bila sababu. Ya tano ni tumbo kujaa, uso kuvimba, au kupumua kwa haraka na kwa shida. Mhudumu wa afya huongeza mambo mawili ambayo nyumbani hayaonekani, nayo ni ini lililovimba, na majibu ya maabara yanayoonyesha damu inakuwa nzito huku chembe sahani, yaani chembe zinazosaidia damu kuganda, zikishuka kwa kasi.

Mkojo ni kipimo ambacho kila nyumba inacho. Mtoto anayekunywa vya kutosha hukojoa angalau mara moja kila baada ya saa 6. Nepi ikikaa kavu kupita muda huo, au mkojo ukawa kidogo na wa rangi iliyokolea, huo ni upungufu wa maji, na usisubiri saa nyingine 6 ili kuthibitisha.

Kipimo kingine ni cha vidole. Shika mkono wa mtoto usawa wa moyo wake, bonyeza ukucha wake mpaka rangi ya chini yake ifutike, kisha achia na uhesabu. Rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, na hasa ikiwa mikono na miguu ni ya baridi na yenye jasho ilhali kifua na tumbo vina joto, usimpe kwanza uji wala usingoje baba arudi kutoka kazini. Ondoka naye wakati huohuo, saa yoyote ile. Degedege, kuchanganyikiwa na kupoteza fahamu navyo havina nafasi ya kungoja.

Watoto walio katika hatari kubwa zaidi

Kila mtoto mwenye dengue anaweza kuzidiwa, lakini hatari hailingani kwa wote, na kujua mapema mtoto wako yuko upande gani kunabadilisha uamuzi wa kumweka nyumbani au kumpeleka akalazwe.

Kwanza kabisa ni mtoto aliyewahi kuugua dengue. Virusi vya dengue viko vya aina nne. Anayepona aina moja hupata kinga ya kudumu dhidi ya aina hiyo, lakini kinga yake dhidi ya aina nyingine tatu ni ya muda mfupi. Akikutana na aina tofauti baadaye, kingamwili za mara ya kwanza huitambua bila kuwa na uwezo wa kuiangamiza, na badala ya kuizuia, zinaweza kuisaidia kuingia ndani ya chembechembe za mwili na kuzaana kwa wingi. Katika pwani ya Afrika Mashariki jambo hili si nadharia. Mlipuko uliothibitishwa Malindi na Kilifi mwaka 1982 ulikuwa wa aina ya 2. Mombasa ilikumbwa na dengue mwaka 2013, ikiwa na virusi vya zaidi ya aina moja. Dar es Salaam, mlipuko wa mwaka 2014 ulitawaliwa na aina ya 2, na ule wa mwaka 2019, uliokuwa na wagonjwa zaidi ya 6,000 waliothibitishwa nchini Tanzania, walio wengi wakiwa Dar es Salaam, ulitawaliwa na aina ya 1. Mtoto aliyekulia katika miji hii anaweza kuwa amekwisha kuambukizwa bila mtu kujua, kwa kuwa watu wengi wanaoambukizwa kwa mara ya kwanza huugua kidogo tu au hawaugui kabisa. Kwa hiyo jibu la “hajawahi kuugua dengue” lipokelewe kwa tahadhari.

Kundi la pili ni watoto wa umri wa chini ya mwaka mmoja, hasa kuanzia takriban miezi 4. Mama aliyewahi kuambukizwa humpitishia mwanawe kingamwili kabla hajazaliwa. Katika miezi ya mwanzo humlinda, lakini zinapopungua hufika kiwango ambacho hazitoshi kulinda na zinatosha kudhuru, kwa njia ileile iliyoelezwa hapo juu. Hivyo mtoto wa miezi 7 anaweza kupata dengue kali katika maambukizi yake ya kwanza kabisa. Pamoja na hayo, mishipa ya watoto wadogo huvujisha majimaji kwa urahisi kuliko ya watu wazima, akiba yao ya maji ni ndogo, na hawawezi kusema kwamba wana kiu. Mtoto mchanga ambaye mama yake alikuwa na dengue siku za kukaribia kujifungua aangaliwe na wataalamu katika siku zake za mwanzo, hata kama alizaliwa akionekana mzima.

Watoto wenye selimundu, au siko seli kama wengi tunavyouita, wanastahili kutajwa peke yao kwa sababu ni wengi katika ukanda wetu. Damu yao tayari hupita kwa shida katika mishipa midogo, na damu inapozidi kuwa nzito kwa kupoteza majimaji, maumivu makali, upungufu wa damu na kushindwa kwa viungo huweza kufuatana kwa haraka. Mtoto wa selimundu anayeshukiwa kuwa na dengue hatunzwi nyumbani. Anapelekwa hospitali tangu siku ya kwanza. Vivyo hivyo kwa watoto wenye ugonjwa wa moyo, figo, kisukari au pumu.

Unene uliopitiliza nao huongeza hatari. Kwetu, mtoto mnene husifiwa kuwa ana afya, na huenda ndiyo sababu onyo hili halisikiki sana. Zaidi ya hapo, mtoto mnene humpa tabu hata mhudumu katika kupata mshipa na kukadiria kiasi cha dripu. Hilo halimaanishi kwamba mtoto mwenye utapiamlo yuko salama. Naye aangaliwe kwa ukaribu uleule.

Mwisho kuna hatari isiyotokana na mwili wa mtoto, bali na mazingira yake. Familia inayoishi mbali na hospitali, isiyo na usafiri wa usiku, au ambayo barabara yake hukatika mvua za masika zinaponyesha, ihesabu umbali huo kuwa sababu ya kuondoka mapema, kabla ya dalili za hatari kujitokeza.

Matunzo ya nyumbani

Mtoto anayekunywa vizuri, anayekojoa kama kawaida, asiye na dalili hata moja ya hatari na asiye katika makundi yaliyotajwa, anaweza kutunzwa nyumbani, kwa sharti kwamba arudishwe kliniki kila siku aangaliwe mpaka saa 48 zipite bila homa.

Hakuna dawa inayoua virusi vya dengue, na antibayotiki hazina kazi hapa. Dawa ya homa ni parasetamoli peke yake, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, isizidi mara 4 kwa siku na ipite angalau saa 6 kati ya dozi na dozi. Kwa mfano, mtoto wa kilo 12 hupewa miligramu 120, ambazo ni mililita 5 za dawa ya maji iliyoandikwa miligramu 120 kwa mililita 5. Soma chupa kwanza, kwa sababu nguvu za dawa hizi hutofautiana, na parasetamoli ikizidi hudhuru ini ambalo dengue tayari inalisumbua. Usimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, hata kama duka la dawa limekuambia zinashusha homa haraka, kwa kuwa huongeza hatari ya kutokwa na damu.

Kinachomwokoa mtoto ni vinywaji. Mpe ORS iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, madafu, uji mwepesi, supu, juisi ya matunda, na maziwa ya mama kwa anayenyonya. Maji matupu peke yake kwa wingi hayatoshi, kwani hayarudishi chumvi iliyopotea. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza tena kijiko kimoja kimoja, kwa utulivu. Epuka kwa siku hizi juisi ya rozela, ukwaju, bitiruti na soda nyeusi, kwa sababu akitapika hutajua kama ni rangi ya kinywaji au damu. Juisi ya majani ya mpapai, ambayo wengi huisifu wakati wa milipuko, ni chungu na huwatapisha baadhi ya watoto; isichukue nafasi ya ORS wala ya safari ya hospitali.

Mtoto alale ndani ya chandarua hata mchana. Mbu wa Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya giza, na akimnyonya mgonjwa huweza kuwapelekea virusi wadogo zake na majirani. Pipa na ndoo za maji zifunikwe, na angalau mara moja kwa wiki zimwagwe na kusuguliwa kuta za ndani, kwani mayai yake hung’ang’ania ukutani juu kidogo ya maji. Vifuu vya nazi na matairi yaliyotupwa uani yaondolewe.

Ukifika hospitali

Mweleze mhudumu mambo haya bila kungoja kuulizwa: hii ni siku ya ngapi ya homa, homa ilishuka lini, alikojoa saa ngapi mara ya mwisho, amepewa dawa gani, ana ugonjwa gani wa kudumu, na kama kuna mgonjwa wa dengue nyumbani au mtaani. Kipimo kinachotafuta protini ya virusi vyenyewe, kiitwacho NS1, hufaa zaidi siku za mwanzo, na kile cha kingamwili huanza kuonyesha kuanzia takriban siku ya nne au ya tano. Majibu kuonyesha hakuna hayaiondoi dengue moja kwa moja ikiwa dalili zake zipo. Kipimo cha picha kamili ya damu kinafaa kurudiwa, kwa sababu namba moja ya siku ya pili haisemi mengi. Kinachotafutwa ni mwendo wa chembe sahani na uzito wa damu kutoka siku moja hadi nyingine.

Nawasihi wazazi wasishinikize dripu wala sindano ya matakoni. Sindano ya msuli inaweza kusababisha damu kuvujia ndani ya nyama. Dripu nayo ni tiba inayookoa maisha inapotolewa kwa kipimo na kurekebishwa kila mara, lakini majimaji yaliyovuja huanza kurudi yenyewe kwenye mishipa baada ya siku moja au mbili, na mtoto anayeendelea kutiwa maji wakati huo anaweza kujaa maji mapafuni. Mhudumu anapoipunguza au kuiondoa dripu mtoto akiwa anaendelea vizuri, anafanya kazi yake sawasawa.

Mtoto anayepona huanza kutaka chakula, hukojoa kwa wingi, na huchangamka. Wengine hutokwa na vipele vipya vinavyowasha, hasa viganjani na nyayoni, navyo huisha vyenyewe; uchovu unaweza kubaki kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mwalimu aombwe asimlazimishe michezo mapema. Kabla ya kuondoka hospitali, omba iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki kwamba aliugua dengue, mwezi na mwaka, na aina ya virusi kama ilipimwa, ili homa nyingine itakapomjia wakati wa mlipuko mwingine, daktari ajue kwamba hii si mara yake ya kwanza.